Nani Aliulizwa Amepata Ngapi?

Wasee, leo hakuna video. Leo ni kusoma. Kama unataka kucheka, rudi Ijumaa.

Wiki jana nilitoka Kulesa asubuhi mapema, bodaboda hadi lami, kisha matatu hadi Garsen, nikaingia saiba moja karibu na stendi. Shida yangu ilikuwa moja: tarehe 30 Juni inakaribia na sikuwa nimefanya ritani. Na si ya mwaka huu peke yake. PIN ya ushuru niliichukua nikiwa na miaka 18 kwa sababu nilikuwa naomba mkopo wa chuo. Chuo nikaacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua, sirudii. Mimi niliacha chuo lakini PIN haikuniacha. Nilidhani mtu asiye na kazi hana la kujaza. Kumbe sheria inasema ukiwa na PIN hai, unajaza, hata kama mwaka mzima hujashika shilingi. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Mimi nilikuwa na faini mbili. Elfu nne. Uzembe wangu mwenyewe, sina wa kulaumu.

Jamaa wa saiba akafungua ukurasa, vidole vinakimbia. "Kaka, tunaweka nil, sivyo?"

Nikamwambia miaka ile ya nyuma ndiyo, nil. Lakini mwaka huu uliopita nilipata kitu. Kuna video zililipa kidogo, na kuna watu wawili walinilipa niwatangazie biashara. Nikijumlisha ni kama 74,000 kwa mwaka mzima.

Aliniangalia kama mtu aliyekataa chenji yake mwenyewe. "We dogo, weka nil uende zako. Vijana wote wa huku ni nil. Kwani utapewa zawadi?"

Sikuwa na jibu. Nikalipia zile nil za nyuma, nikamwambia ya mwaka huu nitarudi kesho. Nikarudi nyumbani na swali lake kichwani.

Jioni nikamsimulia Nyanya. Nyanya yangu hajui iTax ni nini, lakini neno kodi analijua kuliko mimi. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai ulioshika kutu. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha zamani, picha moja, na vijikaratasi vilivyokunjwa mpaka vinakaribia kukatika. Stakabadhi za kodi za baba yake.

"Hizi," akasema, "baba alikuwa akitembea nazo kila mahali. Askari akikukuta huna, unalala ndani. Usizishike na mikono ya mafuta."

Nikamuuliza, "Nyanya, walikuwa wanamuuliza amepata ngapi mwaka huo?"

Akacheka. "Waulize apate ngapi kwani wao ni nduguze? Walikuwa wanahesabu nyumba."

Hapo ndipo nilipokosa usingizi, na hapo ndipo posti hii ilipoanzia.

Twende polepole. Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilichukua rasmi nchi hii kutoka kwa kampuni ya biashara iliyokuwa inaiendesha, na ikaiita Himaya ya Afrika Mashariki. Serikali ya London haikutaka kuilisha himaya hiyo milele. Mwaka 1901 zikatoka kanuni za kodi ya kibanda. Ilianza na rupia moja au mbili kwa mwaka, baadaye ikafika rupia tatu. Sisi wa bonde la Tana tulikuwa chini ya mkoa ulioitwa Tanaland, pamoja na Lamu na Witu.

Sasa angalia jinsi kodi hii ilivyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Haikuuliza mavuno. Mto ukifurika ukabeba mpunga wako wote, ni rupia zile zile. Mto ukikauka mahindi yakafa, ni rupia zile zile. Una wake wawili na kila mmoja ana nyumba yake? Unalipa mbili. Mjane ana kibanda chake? Naye alikuwa ndani ya hesabu. Watu wakaanza kujibana, familia mbili tatu chini ya paa moja ili wapunguze idadi ya nyumba. Serikali ikaona mchezo huo, ikaleta kodi ya kichwa: kijana wa kiume asiye na nyumba yake alipie kichwa chake. Kufikia miaka ya 1920, ukiwa na miaka 16 wewe ni mlipa kodi. Kumi na sita! Umri wa fomu tu.

Na kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu. Hiyo ndiyo siri. Mpokomo alikuwa na mpunga, ndizi, maembe, samaki na mtumbwi. Alikuwa na chakula lakini hakuwa na rupia. Ili upate rupia, lazima uuze au uende ukafanye kazi kwa mtu aliye nazo. Kwa hiyo kodi ile ilikuwa na kazi mbili: kuijaza hazina, na kumtoa mtu shambani kwake aende shamba la mwenzake. Wakubwa wa serikali na walowezi wa wakati ule hawakuficha jambo hilo, walilisema wazi.

Majirani zetu Wagiriama walikataa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka kijiji hadi kijiji akiwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao wala kutii amri za serikali. Akakamatwa mwaka huo huo, akapelekwa mbali sana, Kisii, akatoroka na kurudi pwani. Mwaka 1914 vita vikalipuka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Na baada ya kushindwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Nikisoma hapo nikakumbuka elfu nne yangu, nikaona aibu kulalamika.

Sasa tuhamie upande wa pili wa nchi ile ile, kwa Mwingereza aliyekuja kuishi Kenya.

Ukimsikia mtu akisema wazungu walizoea kodi za mapato tangu zamani, hajakosea. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799 kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, ikaifuta, ikairudisha, na tangu 1842 haijaondoka tena. Kwa hiyo mlowezi aliyefika hapa mwaka 1905 au 1919 alitoka nchi ambayo mtu mwenye mali hujaza fomu, hutangaza mapato yake, kisha hulipa kulingana na alichopata. Hakuwa mgeni wa jambo hilo.

Mwaka 1920 Kenya ikawa koloni rasmi, na serikali ikapitisha sheria ya kodi ya mapato. Kwa mara ya kwanza, wenye pesa hapa wakaambiwa: jaza fomu, tuambie umepata ngapi. Wazungu wote Kenya wakati huo hawakufika 10,000. Ungedhani ni kazi ya wiki moja.

Walikataa. Wengi hawakujaza kabisa. Waliojaza, wengine walijaza wanavyotaka. Walisema wakulima hawaweki vitabu vya hesabu, kwamba nchi bado changa, kwamba bei za mazao zimeanguka. Hilo la bei lilikuwa kweli, hali ya uchumi 1921 ilikuwa mbaya. Lakini angalia nini kilifuata. Wao walikuwa na wajumbe wao waliowachagua katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920. Walikuwa na chama chao kikubwa cha kuwasemea, na magazeti yao. Wakapiga kelele. Kamati ikaundwa, ikapendekeza kodi hiyo ifutwe, na mwaka 1922 ikafutwa kweli. Fomu zikatupwa.

Na wakati huo huo, upande wetu? Kodi ya kibanda na kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka. Mwaka huo wa 1921 walowezi wakataka kukata mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Soma tena: kodi juu, mshahara chini, mwaka mmoja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu serikalini Nairobi, akaanza kuwakusanya watu kupinga kodi, kipande na kukatwa mishahara. Akakamatwa Machi 1922. Watu wakafurika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu 21 walikufa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, na wengi waliokuwepo walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Kwa hiyo mwaka mmoja, 1922, makundi mawili yalipinga kodi Kenya. Kundi moja lilikuwa na wabunge, likafutiwa. Kundi lingine halikuwa na mbunge hata mmoja, likapigwa risasi na kupunguziwa shilingi nne. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza lile, Eliud Mathu, aliingia 1944. Kutoka 1901 hadi 1944 ni miaka 43 ya kulipa bila mtu wa kukusemea.

Halafu kuna jambo ambalo shuleni hawakutufundisha, au labda siku hiyo nilikuwa nimelala. Kodi ikifutwa, pengo halijifuti. Pesa ile ambayo walowezi hawakulipa ilitafutwa kwingine, na ikatafutwa kwenye ushuru wa forodha. Vitu vinavyotoka nje vikapandishwa ushuru, na kwa vitu kama sukari, ngano na mbao ushuru huo ulimlinda mlowezi aliyekuwa akizalisha vitu hivyo hapa nchini. Baba yake Nyanya akinunua robo ya sukari dukani alikuwa analipia fomu ambayo mtu mwingine alikataa kuijaza. Hakujua. Hakuna stakabadhi ya sukari ndani ya mkebe.

Serikali ilijaribu tena. Mwaka 1932 Lord Moyne alitumwa kutoka London kuchunguza fedha za Kenya, akasema mzigo haujagawanywa kwa haki na kodi ya mapato irudi. Walowezi wakapinga tena, zikaletwa kodi mbadala za kuwapoza. Mwaka 1936 mchunguzi mwingine, Sir Alan Pim, akapendekeza kitu hicho hicho. Mwaka 1937 kodi ya mapato ikarudi, safari hii ikabaki. Kodi ile unayoisikia leo ina mizizi hapo. Sheria tunayotumia sasa ilianza 1 Januari 1974, na mamlaka ya ushuru, KRA, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1995. Linganisha na ile tarehe ya juu, 1 Julai 1895. Miaka mia kamili. Sijui kama kuna mtu ofisini aliyeona hilo, lakini mimi nimeliona.

Leo mambo yamegeuka kidogo. Mwingereza aliyestaafu akahamia kijiji fulani Ufaransa anajaza fomu ya Wafaransa kila mwaka kati ya Aprili na Juni, hata kama sehemu ya pensheni yake inakatwa kodi kwao Uingereza. Akiwa na makao yake huko, au akikaa huko zaidi ya nusu mwaka, Ufaransa inasema: tuambie kila kitu, cha hapa na cha kwenu, halafu tutaangalia mkataba wa nchi mbili usilipe mara mbili. Na Mwingereza mwenye nyumba Watamu au Diani ana habari kama hiyo hapa Kenya: siku 183 ndani ya mwaka, au nyumba ya kudumu pamoja na kuwepo hata siku chache, na sheria yetu inamhesabu kuwa mkazi. Anachukua PIN. Anajaza. Wajukuu wa waliotupa fomu wanapanga foleni ile ile ya mtandaoni ninayopanga mimi na jamaa wa saiba.

Ndipo nilipopata jibu la lile swali la "kwani utapewa zawadi?"

Tukubaliane kwanza kwamba hakuna mtu wa nil Kenya. Hayupo. Ukinunua sukari Kulesa, ndani yake kuna VAT ya asilimia 16. Ukitia petroli kwenye boda, VAT tena. Ukiweka bando la intaneti usome posti hii, kuna ushuru humo ndani. Kijana anayejaza nil kila Juni amelipa kodi mwaka mzima, kimyakimya, kama baba yake Nyanya na robo ya sukari. Tofauti ni kwamba akiandika nil anajifuta mwenyewe kwenye hesabu. Kwenye karatasi, huku Tana River kunaonekana hakuna anayefanya kitu. Hakuna anayevua samaki, hakuna anayeuza maembe, hakuna anayetengeneza video. Halafu tunashangaa tukichukuliwa kama watu wa kugawiwa unga mafuriko yakija.

Najua mtaniambia nini kwenye komenti. "Pesa zenyewe zinaliwa." Ni kweli, na hasira hiyo ninayo. Juni 2024 tulikuwa wote kwenye simu zetu tukiusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wa umri wetu wakiueleza kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa lugha ya ishara. Tarehe 25 vijana waliuawa mitaani. Tarehe 26 rais akasema hatausaini. Sitaki mtu aniambie damu ile ilikuwa ya bure, na sitaki kuitumia kujisifu, kwa sababu mimi siku hiyo nilikuwa Kulesa nikitafuta mtandao juu ya mwembe. Lakini angalia tulichokuwa tunadai. Hatukudai kutoulizwa, kama walowezi wa 1922. Tulidai kuulizwa vizuri, kusikilizwa, na kujibiwa pesa zinaenda wapi. Huwezi kudai hesabu ya serikali huku yako umeificha. Au unaweza, lakini sauti inapungua nguvu.

Kuna wenye mamilioni wanaojaza uongo kila mwaka. Hao ndio warithi wa wale waliotupa fomu, rangi yoyote wawe nayo. Pengo lao linajazwa na sukari yako. Ndiyo maana sitaki kujifunza tabia hiyo nikiwa na 74,000, kwa sababu nikiizoea sasa, nikija kupata milioni saba nitakuwa tayari nimekuwa hodari.

Kesho yake nikarudi Garsen. Jamaa wa saiba akanikaribisha, "Dogo wa zawadi umerudi!" Tukakaa, nikasoma kiasi kimoja kimoja kutoka kwenye meseji za M-Pesa, akaandika. Video, kiasi hiki. Tangazo la kwanza. Tangazo la pili. Tukafika chini, mashine ikapiga hesabu. Kodi ya kulipa: sufuri.

Ndiyo. Sufuri. Kwa sababu kila mkazi ana nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, na mapato yangu hayafikii popote pa kuizidi. Ukiwa chini ya 288,000 kwa mwaka, hii kodi haikugusi. Jamaa akacheka mpaka akashika meza. "Si nilikwambia? Nauli ya siku mbili kwa sufuri ile ile!"

Nikamwambia si ile ile. Sufuri ya jana ilikuwa inasema mimi sipo. Hii inasema nipo, nimepata kiasi hiki kwa kazi hii, na kwa sheria yenu wenyewe kiasi hiki hakitozwi. Baba yake Nyanya hakupata nafasi ya kusema sentensi hiyo hata mara moja. Mafuriko yalimbebea mpunga na hakuna kisanduku kilichomuuliza.

Hakujibu. Akanitolea nakala ya risiti, shilingi kumi. Nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia dada aliyefuata, muuza samaki: "Dada, wewe ni nil ama umepata kitu?" Akasubiri jibu kabla ya kubonyeza.

Nyumbani nikampa Nyanya ile karatasi. Hasomi bila miwani, na miwani ilivunjika. Akauliza, "Wamekutoza ngapi?" Nikamwambia hawakunitoza, waliniuliza nimepata ngapi, nikawaambia, wakasema niende. Akaigeuza, akaipapasa, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkebe juu ya zile za baba yake.

"Usitembee nayo," akasema. "Siku hizi hawakamati. Iache hapa."

30 Juni, wasee. Kama una PIN, jaza. Kama ulipata, andika ulichopata. Kama hukupata, nil ni haki yako, iandike bila aibu. Halafu tuendelee kuwauliza nao wamefanyia nini. Ijumaa nitawaletea ile ya mbuzi.